Barua ya malalamiko: mchoro wenu wa banda umeharibu msingi wangu

Newala,
Mkoa wa Mtwara.
18 Agosti 2025

Meneja,
Kiwanda cha Mabanda ya Chuma,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MCHORO WA MSINGI WENYE KASORO, VIFAA PUNGUFU NA USHAURI WA HATARI KUHUSU BANDA LA MITA 9 KWA 18

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala. Mwaka huu nilinunua kwenu banda la chuma la kujijengea mwenyewe: fremu tano, nguzo kumi, mita 4.5 kutoka fremu hadi fremu, paa la bati. Nililipa bei yote kabla mzigo haujatoka kiwandani, kama mlivyotaka. Banda ni la kuhifadhia korosho wakati zinasubiri kupelekwa chama cha msingi, pamoja na trela na zana zangu. Msimu unaanza Oktoba. Hadi leo chuma chote kimelala juu ya magogo, na misingi kumi ya zege iko tayari na bolti zake zimesimama, lakini nguzo na bolti hazikutani.

Naanza na msingi, maana huko ndiko kwenye hasara kubwa. Mlinitumia michoro kwanza, chuma baadaye, na kitabu chenu cha maelekezo kinataka zege liwe limemwagwa na kukomaa kabla gari la mzigo halijafika. Kwa hiyo wakati wa kuseti, yaani kupima na kuweka alama za msingi ardhini, sikuwa na nguzo hata moja ya kupimia. Nilikuwa na karatasi yenu tu. Tulisafisha kiwanja, tukachimbia vigingi na mbao za kufungia kamba nje ya eneo la kuchimba ili majembe yasiziguse, tukavuta mstari wa kwanza sambamba na njia ya shamba. Pembe tulizishika kwa kipimo cha 3, 4, 5 (pembetatu yenye pande hizo hutoa kona ya mraba), ila tulikikuza kuwa mita 6, 8 na 10, kwa sababu pembetatu ndogo huficha kosa dogo ambalo likifika mwisho wa mita 18 limeshakuwa kubwa. Kisha tukapima mishazari kona kwa kona, na yote miwili ilisoma mita 20.12, ambayo ndiyo inayotakiwa kwa mstatili wa mita 9 kwa 18. Usawa wa juu wa zege tuliuhamisha kwa mpira wa maji kutoka msingi mmoja hadi mwingine.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu mhudumu wenu wa simu, kabla hajauliza hata kipimo kimoja, aliniambia kwamba mafundi wa vijijini hawajui kuseti. Kauli hiyo imeniumiza, na imewaumiza mafundi walioifanya kazi ile kwa uangalifu. Picha za kamba, za tepu na za mpira wa maji nimeziambatisha. Naomba mzitazame pamoja naye.

Kosa liko kwenye karatasi zenu. Katika ukurasa wa kwanza, wenye ramani ya misingi, kipimo cha milimita 9,000 kimeandikwa kati ya mishale miwili inayogota kwenye alama za katikati ya nguzo. Anayesoma mchoro huo ataelewa kwamba kutoka katikati ya nguzo ya kushoto hadi katikati ya nguzo ya kulia ni mita 9, na ndivyo tulivyopima. Katika ukurasa wa tatu, unaoonyesha fremu kwa mbele, 9,000 hiyohiyo imewekwa kati ya uso wa nje wa nguzo moja na uso wa nje wa nguzo ya pili. Nguzo zenu zina upana wa milimita 150. Ukitoa nusu nguzo kila upande, katikati hadi katikati zinabaki milimita 8,850. Kiwanda kilikata chuma kwa kufuata ukurasa wa tatu, mimi nikamwaga zege kwa kufuata ukurasa wa kwanza, na kurasa zote mbili zina mhuri wenu.

Tuligundua hali hiyo tulipounganisha fremu ya kwanza chini, juu ya mbao, na kupima miguu yake. Ni 8,850. Nyingine nne ni hivyohivyo.

Lile bamba la mfano la kushikilia bolti wakati wa kumwaga, ambalo limo kwenye orodha yenu ya vifaa, halikuletwa pamoja na michoro wala pamoja na chuma. Tulitengeneza la mbao kwa vipimo vya mchoro, na nafasi kati ya bolti na bolti katika kila kitako ni milimita 200 sawasawa na matundu ya mabamba yenu yaliyochomelewa chini ya nguzo. Jambo hilo peke yake linaonyesha kwamba pale mchoro uliposema kweli, kazi yetu ilitoka kama ulivyosema.

Sasa nije kwenye ushauri wenu, ambao umenitia hofu kuliko hata kosa lenyewe. Kwanza mlisema tupanue matundu ya bamba kwa gesi. Hebu chukueni karatasi mchore. Bamba lina milimita 300 kwa 300, na kila mguu wa fremu unapungukiwa milimita 75 kufika mahali pake. Maana yake bolti mbili za nje ziko milimita 25 nje kabisa ya ukingo wa bamba. Mbili za ndani zimesogea hadi ubavuni mwa nguzo, na hata bamba likitobolewa hapo spana haipati nafasi ya kuzunguka. Hakuna tundu la kupanua hapo. Nilipowaeleza hivyo mkasema tuzipige bolti kwa nyundo zilalie ndani. Nilipokataa, mkasema tuzikate na kuchomelea vipande vipya juu yake, na kwamba "banda halitakwenda popote."

Ndugu Meneja, banda la namna hii ni jepesi, na kinachohofiwa zaidi si paa kuanguka chini, ni paa kuondoka. Upepo ukipita juu ya bati hulivuta kwenda juu, na ukiingia kwenye upande ulio wazi hulisukuma kutoka ndani. Ndiyo maana wenyewe mmetaka kila msingi uwe wa sentimita 80 kwa 80 na kina cha mita moja. Zege hilo lina uzito wa karibu tani moja na nusu kila shimo, na kazi yake kubwa ni kuushikilia mguu wa nguzo usinyanyuke. Kati ya uzito huo na nguzo kuna bolti nne tu. Bolti iliyopindwa kwa nyundo au kuungwa kwa kulehemu shambani, bila mtu wa kuipima, haifai kupewa kazi hiyo.

Upepo huku tunaujua. Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma chini yako na Msumbiji ng'ambo, na upepo unaopanda genge lile haukuti kizuizi. Kimbunga cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi. Mwaka 2019 Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, jirani zetu hapo, baada ya sisi wa Mtwara kutahadharishwa kwamba kingeweza kutufikia. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikaja pwani yetu. Aliyewauzia watu wa kusini banda la chuma anapaswa kuyakumbuka hayo kabla hajamwambia mteja achukue nyundo.

Jambo la pili ni vyuma vya msalaba vinavyofunga fremu na fremu. Orodha inataja seti mbili, za nafasi ya kwanza na ya mwisho. Imekuja seti moja. Pamoja nayo zimepungua washa za bolti za kuungia kenchi, na sehemu ya skrubu za bati zimekuja bila raba zake. Skrubu na washa hata hapa dukani nitapata. Vyuma vya msalaba siwezi kuvibuni, kwa sababu urefu na matundu yake vinatoka kiwandani kwenu.

Upungufu huo ungekuwa wa kusubiri tu kama kitabu chenu kingekuwa sahihi. Kinaelekeza mtu anyanyue fremu zote tano, afunge pao za kubebea bati, aezeke, ndipo afunge vyuma vya msalaba mwishoni. Huko ni kuhatarisha maisha ya watu. Fremu ikisimama peke yake ina nguvu upande wa upana wake, lakini upande wa urefu wa banda hakuna kinachoizuia kulala. Inavyofaa ni kunyanyua mbili za kwanza zikiwa zimeshikwa kwa kamba za chuma pande zote, kufunga pao na vyuma vya msalaba kati yake, kuzinyoosha kwa timazi, kukaza nati, ndipo nafasi hiyo iliyokwisha kusimama imara ishikilie fremu ya tatu, na ya nne, na ya tano. Watakaokuwa chini ya kenchi hizo ni vijana wa jirani zangu na watoto wa dada yangu. Sitawaweka chini ya chuma kilichoshikwa na matumaini.

Mtu anayemuuzia mkulima banda la kujijengea anamuuzia chuma na anamuuzia maelekezo. Bei yenu ilikuwa juu kuliko ya kununua chuma kitupu kwa wauzaji wa vyuma, na niliikubali kwa sababu mlisema hesabu ya mhandisi imo ndani yake. Kwa hiyo mchoro ni bidhaa, na bidhaa hiyo ni mbovu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake na kifae kwa kazi iliyokusudiwa.

Ninachotaka ni hiki. Mlete mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje Newala, apime misingi yangu kwa mkono wake, kisha aandike na kutia saini suluhisho lake. Akisema mabamba mapana zaidi yatengenezwe na kuchomelewa kiwandani, nguzo zirudi kwenu kwa gharama yenu. Akisema misingi ya upande mmoja ivunjwe na kumwagwa upya, mlipe kuvunja, saruji, kokoto, ufundi, na maji. Nayataja maji makusudi. Huku juu ya uwanda maji ni ya kununua kwa boza, na zege likimwagwa linataka kumwagiliwa siku 7 mfululizo. Kwa misingi yote kumi tulitumia zaidi ya mifuko 40 ya saruji, na stakabadhi zake zote zimeambatishwa.

Seti ya vyuma vya msalaba iliyobaki, bamba la mfano na washa viletwe hapa Newala, si Mtwara mjini. Mchoro na kitabu virekebishwe, na kila aliyenunua banda la aina hii apigiwe simu kabla hajamwaga zege au hajanyanyua fremu. Kwa hao wengine naomba kwa mkazo uleule ninaoombea langu, maana inawezekana kuna mtu Liwale au Tunduru ambaye leo anafunga kamba kwa kufuata ukurasa wenu wa kwanza.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu, nitaipeleka pamoja na viambatisho vyake Tume ya Ushindani, na nitadai bei yote pamoja na gharama za msingi. Ningependa zaidi mje mrekebishe, kwa sababu banda nalihitaji na korosho hazitasubiri.

Njia ya gari hadi shambani inapitika. Simu yangu mnayo kwenye ankara.

Wenu,

Mteja wenu, mkulima wa korosho,
Newala.

Viambatisho: ankara na orodha ya vifaa, nakala ya ukurasa wa kwanza na wa tatu wa mchoro, picha za msingi, mabamba na fremu ya kwanza, stakabadhi za saruji, kokoto na maji.