Bayocha isiuzwe kama badala ya mbolea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie bayocha, yaani mkaa wa mabaki ya mazao yaliyochomwa kwa hewa kidogo, ambao wachuuzi wanaupitisha vijijini kwetu Mbarali wakidai kwamba anayeuweka shambani hana haja tena ya kununua urea. Dai hilo linampoteza mkulima, na nina ushahidi wake kwa kuwa lilinipoteza mimi mwenyewe.

Nilichukua pumba za mpunga kwenye mashine za kukoboa za Igurusi, nikazilundika kuzunguka debe lililotobolewa matundu na kuwekewa bomba la moshi, nikawasha moto ndani ya debe, na pumba zilipokwisha kuwa nyeusi nikazimwagia maji kabla hazijageuka majivu. Kisha nikautawanya mkaa ule, ukiwa mpya, kwenye robo ekari ya mahindi bila mbolea yoyote. Mahindi yalipofika magotini, majani ya chini yalianza kuwa manjano kutoka nchani, rangi ikiteremka katikati ya jani kama herufi V. Afisa ugani yeyote angekwambia kwamba hiyo ni njaa ya naitrojeni. Mkaa mpya hauna naitrojeni ya kutosha kuulisha mmea, na unaweza hata kuifunga kwa muda ile kidogo iliyomo ardhini.

Sisemi kwamba bayocha haifai. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, lakini si zote zinazomfikia aliyeinunua: ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hupaa kama amonia, na ikishageuka naitreti, mvua kubwa huizamisha chini ya mizizi, hasa kwenye udongo wa kichanga. Bayocha husaidia kuishikilia naitrojeni na unyevu karibu na mizizi, na kwa majivu yaliyomo hupunguza tindikali ya udongo. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika maeneo ya tropiki bayocha iliongeza mavuno kwa wastani wa asilimia 25, ilhali katika nchi za baridi, ambako udongo mwingi una rutuba na tindikali yake imekwisha kurekebishwa, wastani haukupanda. Kwa hiyo kazi yake ni kutunza mbolea, na hakuna mtunzaji wa ghala tupu.

Siku hizi nauloweka mkaa katika samadi na mkojo wa ng'ombe kwa wiki kadhaa, natia konzi moja katika kila shimo la kupandia, na urea ya kukuzia naifukia kwa udongo. Kufukia huko ni muhimu, kwa sababu urea ikikutana juu ya ardhi na mkaa wenye majivu mengi, inaweza kupaa haraka zaidi. Kuweka kwenye shimo kunapunguza pia mzigo: majaribio mengi hutumia tani 10 au zaidi kwa hekta, kiasi ambacho mtu mwenye toroli moja hawezi kukifikiria, lakini ekari iliyopandwa kwa sentimita 75 kwa 30 ina mashimo yapatayo 18,000, na gramu 50 kwa shimo ni kilo 900 tu. (Hata hizo si kidogo, mgongo wangu unajua.)

Ombi langu ni kwa halmashauri zetu. Kwa kuwa Serikali inatoa ruzuku ya mbolea tangu msimu wa 2022/2023, mashamba darasa yawekewe vipande vinne vya mahindi: kisicho na kitu, chenye bayocha peke yake, chenye urea peke yake, na chenye vyote viwili, ili wakulima wapime magunia wenyewe kabla ya kumlipa mchuuzi. Mkaa utakaotumika utokane na pumba zinazoteketezwa ovyo kando ya mashine na kutuwasha macho msimu mzima, wala usikatwe mti hata mmoja kwa ajili hiyo.

Mkulima wa mahindi,
Igurusi, Mbarali