Heri ya Krismasi kutoka Dodoma, na swali moja la likizo

Mbukwenyi!

Wazazi, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokwisha kusahau kwamba kuna kitu kinaitwa shule: heri ya Krismasi na heri ya Mwaka Mpya. Nawaandikia nikiwa barazani kwangu Kizota. Juzi usiku mvua ilinyesha ya kueleweka, na kabla chai haijachemka jirani yangu alishafunga mbegu za uwele na mtama kwenye baiskeli, huyo, Hombolo. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu na huanza mwezi huuhuu, kwa hiyo utamkuta mtu leo yuko kanisani na suti, kesho jembe begani. Mgeni kutoka Dar es Salaam aliyepanda treni ya umeme kuja kula sikukuu asishangae akiachwa nyumbani na watoto.

Mwaka huu nilikuwa na Kidato cha Pili, tukafika kwenye habari za makao makuu ya nchi. Nikaandika ubaoni swali nililolidhani jepesi: Dodoma ilianza kuwa makao makuu mwaka gani? Kijana wa mbele akajibu 1973, na hakukosea, maana ndio mwaka TANU ilipoamua serikali itoke Dar es Salaam ije huku katikati ya nchi, na ikaundwa CDA, mamlaka ya kuujenga mji. Wa dirishani akasema 1996, Bunge lilipohamia. Mwingine akasimama kabisa: 2018, ndipo sheria ilipotungwa, na mwaka huohuo siku ya Muungano tukatangaziwa kuwa jiji. Kisha binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hata jina lake nikiliita haitiki kwa sauti, akasema: "Mwalimu, ni 2017. Baba alihamishwa na wizara, tukaja na lori."

Darasa zima likacheka. Nikamwambia aje aandike 2017 yake ubaoni, pamoja na zile nyingine.

Lori lile limenikaa kichwani majira haya yote, kwa sababu hata Krismasi yenyewe inaanza na uhamisho. Kaisari Augusto alitoa amri, Yusufu akafunga safari na mke mjamzito, wakafika mjini hakuna nafasi katika nyumba ya wageni. Hapa kwetu amri ilitolewa Julai 25, 2016, Siku ya Mashujaa, hayati Rais Magufuli aliposema Uwanja wa Mashujaa kwamba serikali inahamia Dodoma, na Waziri Mkuu akatangulia mwaka uleule. Baada ya hapo wizara zikafuata moja baada ya nyingine. Waulizeni waliokuja siku zile habari za kutafuta chumba Ipagala au Area C, dalali mbele, wewe nyuma, jua la saa nane, na kodi ya mwaka mzima inadaiwa palepale. (Wenye nyumba, sikukuu njema nanyi pia.)

Ila kuna waliokuwepo. Likizo ya mwaka jana niliwapa wanafunzi kazi ya kumuuliza mtu mzima kuliko wote nyumbani: hapa tulipojenga, palikuwa na nini? Mmoja alirudi na jibu lililonifanya niende mwenyewe kwa bibi yake. Bibi akanipeleka kwenye kona ya uwanja, nyuma ya banda la kuku, akanionyesha bikoni ya zege, lile jiwe la mpaka linalowekwa na wapima ardhi. Ubavu wake mmoja umelika, umekuwa laini kama jiwe la mtoni. Hapo ndipo anaponolea kisu.

"Walikuja wakapima," akaniambia. "Wakasema serikali inakuja, miaka kumi tu. Nikawapikia na mlenda wakala. Sasa Mwalimu, piga hesabu mwenyewe, ni kuku wangapi wa Krismasi nimewachinja na kisu cha hapa?"

Nilipiga hesabu njiani. Mpango kweli ulikuwa wa miaka kumi. Ikaja vita na Uganda, 1978 hadi 1979, uchumi ukayumba, fedha ya kujengea ikawa ndiyo hiyohiyo ya kununulia mafuta na chakula. Kutoka 1973 hadi tangazo la 2016 ni miaka 43. Siku hizi tuna somo zima la Historia ya Tanzania na Maadili, nami nalipenda, lakini huwa tunaruka kutoka uamuzi mpaka uhamisho kana kwamba katikati watu walilala. Bibi hakulala. Kisu chake tu kinatosha kwa kipindi cha dakika arobaini.

Na mkishamaliza hilo, waulizeni wazee habari ya jina la Dodoma. Wengi watawaambia tembo alikuja kunywa maji kijito cha Kikuyu akazama topeni, "idodomya", yaani kwa Kigogo amedidimia. Lakini kuna wazee watakaocheka kwanza, kisha waseme waliozama ni ng'ombe wa Wahehe: waliibwa, wakaliwa, mikia ikachomekwa kwenye tope, wenyewe walipofika wakaonyeshwa mikia kwamba jamani, mifugo yenu imezama. Nina mwalimu mwenzangu Mhehe ambaye kila Desemba ananidai ng'ombe wake. Nimemwahidi mkia.

Basi swali la likizo hii ni lilelile, na safari hii wazazi msiwafanyie kazi watoto. Waandike maneno ya babu au bibi kama yalivyotamkwa, Kigogo kikiwemo. Waliokuja na lori nao waandike ya lori. Daftari nitayakusanya wiki ya kwanza ya kufungua shule.

Bibi wa bikoni anawasalimu. Jana nilipita kwake nikamkuta ameinama pale kwenye kona, kuku wamekwisha kutawanyika.