Mishipa Minne ya Shingo

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo na watoto ni wazima. Nimechelewa kukujibu, uniwie radhi. Leo naandika kwa sababu ya yaliyomfika Mama Mkubwa, na kwa sababu ya jambo uliloligusia juujuu katika barua yako, kwamba mkono wako wa kulia ulikufa ganzi dukani ulipokuwa ukihesabu chenji, ukadhani ni kwa kuulalia.

Mama Mkubwa alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kifuu kikamponyoka mkono wa kulia, akabaki kukitazama. Nilipomwuliza, mdomo ukaenda upande na maneno yakatoka yamevurugika. Robo saa baadaye alisema sawasawa na akaitaka nazi yake. Jirani alisema ni upepo mbaya, na shemeji alikwisha kuleta mafuta amchue shingo. Nilikataa, na namshukuru Mungu kwamba nilikataa.

Daktari alimpima shingo kwa mawimbi ya sauti, kisha akanichorea. Ubongo hulishwa na mishipa minne: miwili mikubwa ya karotidi, ambayo ukigusa kando ya koo unaisikia ikidunda, na miwili midogo inayopanda nyuma ikipenya matundu ya pingili za shingo, hata ikifika ndani ya fuvu huungana ikawa mmoja. Chini ya ubongo yote hukutana katika duara ambalo Thomas Willis, tabibu wa Uingereza, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Njia moja ikiziba, damu huweza kupitia nyingine. Nilifarijika, mpaka nilipoambiwa kwamba kwa watu wengi duara hilo halikukamilika, na kwamba ng'ambo yake kila tawi lina sehemu yake ya kulisha. Karotidi ya kushoto ya Mama imesongwa na mafuta yaliyojijenga ukutani mwake. Kibonge cha damu kilichomeguka hapo ndicho kilichopanda upande wa kushoto wa ubongo, ambao huongoza mkono wa kulia na, kwa watu wengi, usemi. Kiliyeyuka chenyewe. Cha pili huenda kisiyeyuke, na kuichua shingo kama ile kungeweza kukimegua.

Sasa nirudi kwako, maana mkono wako nao ni wa kulia. Uliacha vidonge vya presha tangu Ramadhani kwa kuwa husikii kuumwa, lakini presha huharibu kuta za mishipa bila kuuma, na ubongo, ulio kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote wala hauna akiba. Ganzi ile ikirudi, au mdomo ukipinda, usingoje ipite: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili kuanza.

Siku ile dukani, maneno nayo yalikataa? Ilichukua dakika ngapi? Jicho la kushoto halikuingia giza? Presha ulipima lini, na ilikuwa ngapi? Nani atakusindikiza hospitali kesho asubuhi? Kama ni nauli, niambie bila haya. Nitapiga simu kesho usiku, nataka kusikia umekwisha kuonana na daktari.

Wako akupendaye,
Shoga yako