Kwa Mwanaisha, kuhusu Ted Lasso

Kibokoni, Mombasa

Mpendwa Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Shangazi yako nilikutana naye juzi Marikiti, hajambo, na amenituma nikwambie kuwa bado anaingoja simu yako.

Nimeimaliza ile tamthilia ya Ted Lasso uliyonisisitizia niitazame, misimu mitatu ya mwanzo yenye vipindi 34, na kwa kuwa ulitaka maoni yangu bila ya kufichwa, nakuandikia.

Kwanza nikupe haki yako: nimecheka sana, na nimecheka bila ya kumcheka mtu, jambo ambalo ni adimu katika vichekesho. Ted, kocha aliyezoea mpira wa Kimarekani, anatolewa Kansas kupelekwa London kufundisha kandanda asiyoijua, kwa hila ya Rebecca, mwenye klabu, anayetaka klabu hiyo iporomoke ili mtalaka wake aumie. Naye Ted kila asubuhi anamletea bibi huyo biskuti katika kisanduku cha waridi, biskuti ambazo, kama tunavyokuja kugundua, anazioka mwenyewe. (Hilo la kuitukana chai, hata hivyo, mtu wa Kibokoni hawezi kumsamehe.) Na pale hofu inapomkamata, pumzi zikamwia nzito, nilimkumbuka mwanamume mmoja wa barazani kwetu aliyepatwa na hali kama hiyo, tukasema ni jini.

Kinachonikera ni Sam Obisanya, mchezaji wa klabu hiyo. Toheeb Jimoh amemwigiza Mnigeria huyo kwa ustadi uliompatia uteuzi wa tuzo ya Emmy mwaka 2022, na ni kweli kwamba si kawaida kumwona Mwafrika katika tamthilia za huko akiwa na baba wa kumshauri kwa simu, na hamu ya chakula cha kwao iliyomfanya afungue mkahawa. Lakini mtazame vizuri, hana doa hata moja. Roy, mchezaji mkongwe, hutukana kila anapofungua kinywa na tunampenda. Majivuno ya Jamie, nyota wa timu, tunayavumilia hadi tunapoonyeshwa ukatili wa babake. Rebecca aliyepanga kuiangamiza klabu yake mwenyewe anasamehewa kwa maneno machache. Sam kazi yake ni kuwa mwema. Hata mkahawa wake ulipovunjwa baada ya yeye kumpinga waziri kuhusu wakimbizi, hasira yake haikumaliza kipindi kimoja, kwani wenzake walikwisha kuja kuutengeneza.

Sisi tumeyazoea haya kwa upande wa pili. Katika vichekesho vya televisheni zetu Mpwani ni yule mvivu wa chini ya mnazi, anayevuta maneno kama anayeimba. Yeye anadharauliwa na Sam anasifiwa, lakini wote wawili wametungwa na mtu aliyewaangalia kwa mbali.

Kile kipindi cha utepe mweusi nimekitazama mara mbili. Sam anagundua kwamba mdhamini wao ana uhusiano na kampuni ya mafuta inayochafua mazingira ya Nigeria, anaziba kwa utepe jina la mdhamini kwenye jezi yake, Wanigeria wenzake wanamfuata, kisha timu nzima. Machozi yalinitoka. Halafu nikawakumbuka watu wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, waliotiwa sumu ya madini ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, na miaka waliyohangaika hadi mahakama ilipoamua mwaka 2020 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na hata hapo kesi ikaendelea kwa rufaa. Mtu mwenye jambo kama hilo moyoni hawezi kuwa mpole kila siku.

Hasira ya Mwafrika imeachiwa Akufo, tajiri wa Ghana, mzungumzaji mtaratibu ambaye akikataliwa hugeuka mtoto na kurusha chakula. Na Nate, mtunza vifaa asiye Mzungu aliyepanda hadi kuwa kocha, wivu wake ulifanywa uhaini hadi nywele zikapakwa mvi. Lakini siku aliyoiacha kazi West Ham, klabu pinzani aliyohamia, ambayo mimi niliingoja msimu mzima, hatukuonyeshwa.

Ukija Idi, tukitazame tena kile kipindi cha utepe pamoja na mama yako. Nataka nione yeye atacheka wapi.

Wako,
Rukia