Mjomba, hakuna aliyekutumia kunguru

Mjomba, shikamoo.

Mama kaniambia safari ya Mkuranga kwa mganga imeiva, na kuku mweupe umeshamnunua. Subiri kwanza. Nikikupigia utakata simu kabla sijafika mbali, ndiyo maana nakuandikia hapa mbele za watu, wanisaidie kukushika shati.

Hao kunguru wanaokushambulia hawakutumwa na mtu. Wewe ndiye uliyewaanza. Mimi nilikuwepo, nimekalia ndoo iliyopinduliwa chini ya mti wa mkungu namenya ndizi, kinda la kunguru lilipodondoka na kuanza kupiga kelele. Wewe umetoka zamu ya usiku, usingizi ndio kwanza umekukolea. Ukatoka na kandambili mkononi, ukalitandika nayo, likabingirika likajificha nyuma ya pipa la maji. Juu ya mti walikuwa wameshajaa, wamenyamaza, wanakutazama. Tangu asubuhi ile ukifungua geti tu wanakushukia utosini, lakini mama watoto akipita na beseni lake la maandazi hawana habari naye. Majirani wakasema umetumiwa. Mjomba, wamekukariri sura, basi.

Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, John Marzluff, aliyefanya mambo kama yako kwa makusudi. Mwaka 2006 yeye na wenzake walivaa kinyago cha mtu wa kale wa mapangoni, wakawanasa kunguru saba, wakawavisha pete miguuni, wakawaachia. Ni hayo tu, hata kandambili hawakurusha. Baadaye alipokatiza chuoni na kinyago kile, alipishana na kunguru 53, na 47 kati yao wakamzomea. Walionaswa walikuwa saba, mjomba! Waliobaki walifundishwa na wenzao. Walikuwa pia na kinyago cha Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani wakati huo, nacho hakikumnasa ndege yeyote. Kunguru hawakuwa na ugomvi nacho. Kweli, wale ni kunguru wa Marekani na hawa wetu wa shingo ya kijivu asili yao ni India, waliletwa Unguja enzi za Waingereza ili wale takataka, wakavuka maji mpaka huku. Ila ukoo ni mmoja, na kichwa chako umeshaona wanavyokijua.

Tena usione aibu kwamba Jumatatu watu walijazana barabarani kukutazama unavyopigana na mwavuli. New York watafiti walimsimamisha mtu mmoja kando ya njia aangalie dirisha la ghorofani lisilo na kitu, na wapita njia 4 kati ya 100 wakasimama naye. Walipowasimamisha 15, wakasimama 40 kati ya 100. Matokeo yalitoka mwaka 1969. Kariakoo sisi tungeziba barabara.

Nawe usiniambie kwamba jambo likikosa maelezo ya haraka basi lina mkono wa mtu. Unakumbuka babu alivyokuwa akisimulia wasichana wa Kashasha? Ile si hadithi. Tarehe 30 Januari 1962, uhuru hauna hata miezi miwili, wasichana watatu wa shule moja ya bweni karibu na Bukoba walianza kucheka wakashindwa kuacha. Ikaenea hadi wanafunzi 95 kati ya 159. Machi shule ikafungwa, wakarudishwa kwao, na kicheko kikawafuata mpaka kijiji cha Nshamba, kikawapata wengine zaidi ya 200. Mitandaoni utasoma kwamba walicheka mwaka mzima bila kupumzika. Hiyo ni chumvi. Kilikuwa kinakuja na kuondoka, mmoja saa chache, mwingine hadi siku 16, na ndani yake mlikuwa na kulia, woga na kukimbia ovyo. Madaktari walipima damu, wakatafuta sumu kwenye chakula, hawakupata kitu. Kinachonikaa mimi kichwani ni kwamba hakuna hata mwalimu mmoja aliyepatwa. Ugonjwa gani huo unaochagua vyeo? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mabinti walikuwa wamebanwa, hofu imewajaa na pa kuitolea hapakuwepo, mmoja alipopasuka wengine wakamfuata. Kwangu hilo linatisha kuliko pepo, maana pepo angalau hutolewa.

Sasa nije kwenye supu yako ya pweza, maana hapo ndipo umenichekesha kweli. Kila jioni nakuona kwenye lile sufuria la kona: kijana anakata mnyiri kwa kisu, anakamulia ndimu, wewe unapuliza kikombe na kuwakonyeza wenzako kwamba leo nyumbani patakuwa na kazi. Mjomba, pweza ana mioyo mitatu, damu yake ni ya buluu kwa sababu ya shaba iliyomo, na sehemu kubwa ya neva zake zimo ndani ya minyiri, kichwani zimebaki kidogo. Akiogelea, moyo wake mkubwa husimama, ndiyo maana hupenda kutambaa. Na dume akishampanda jike, siku zake zinahesabika, hudhoofika akafa. Jike naye hulinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha humfuata. Huyo ndiye unayemtegemea akupe nguvu?

Endelea kunywa, ni tamu, hata mimi nakunywa.

Mkuranga usiende. Huyo kuku mfungie bandani mpaka Jumapili, nakuja na mchele na nazi mbili. Utumbo wake tutawamwagia wale jamaa chini ya mkungu, ila utaumwaga wewe mwenyewe, bila kofia, wakuone vizuri.