Barua ya wazi kwa vijana wasanii wa Ufilipino

Wanangu,

Hodi. Zimenifikia habari huku Bagamoyo kwamba wachoraji, waigizaji, wapiga picha, watunzi na mafundi wa filamu kutoka visiwa vyenu mnakusanyika ili sanaa yenu isaidie kubadili maisha ya watu. Mimi ni mzee wa maigizo ya vijijini, wa rika lililozisikia sifa za Wafilipino tangu miaka ya 1980, ndiyo maana najipa uhuru wa kuwaandikia. Methali ya kidole kimoja na chawa sitaianza. Umuhimu wa kushirikiana mmeshauona, la sivyo msingekutana.

Sababu za kukutana mnazo. Septemba 21, 2025, siku ambayo nchi yenu huikumbuka kwa sheria ya kijeshi ya Rais Ferdinand Marcos ya mwaka 1972, vijana walijaa bustani ya Luneta na barabara kuu ya EDSA mjini Manila kupinga wizi wa fedha za kuzuia mafuriko. Hasira ipo, vipaji vipo. Nina swali moja tu, nalo laonekana dogo: kazi mtakayoifanya itakuwa ya nani?

Msicheke. Swali hilo liliwahi kuwafarakanisha Wafilipino wenye vipaji kuliko wengi wetu. Mwaka 1884 Juan Luna alipata medali ya dhahabu ya uchoraji mjini Madrid, wenzake wakamfanyia karamu, na José Rizal, mwandishi na shujaa wenu, akasimama kuhutubia. Walikuwa vijana ugenini, wachoraji kwa waandishi kwa madaktari, wote wakitaka Uhispania iwatendee haki watu wa kwao. Mwaka 1889 Graciano López Jaena akaanzisha gazeti la La Solidaridad huko Barcelona, na baadaye likahamia Madrid chini ya Marcelo del Pilar. Mwanzoni mwa 1891 Wafilipino hao wa Madrid wakaamua kumchagua kiongozi wao. Ikawa kambi ya Rizal na kambi ya del Pilar. Kura zikarudiwa, Rizal akapita, lakini ufa ulikwisha kuingia. Akafunga mizigo akaondoka Madrid, na kalamu yake ikaondoka gazetini. Gazeti likajikokota mpaka Novemba 1895, likafa kwa kukosa fedha. López Jaena na del Pilar walifia Barcelona mwaka uliofuata, wote wakiwa mafukara, wote kwa kifua kikuu. Desemba ya mwaka huohuo wa 1896 Wahispania wakampiga Rizal risasi Bagumbayan, mjini Manila.

Sisemi ugomvi ndio uliowaua. Ukoloni na umaskini vilitosha. Nasema nguvu iliyopaswa kwenda kwenye gazeti ilikwenda kwenye kura.

Na katika kundi hilohilo wapo wawili ninaowapenda kuliko wakubwa wote. Riwaya ya kwanza ya Rizal ilichapwa Berlin mwaka 1887 kwa fedha alizokopeshwa na rafiki yake, Máximo Viola. Ya pili ilikwama kwa mpiga chapa huko Ghent mpaka Valentín Ventura alipotuma hela, na Rizal akampa Ventura muswada wenyewe kuwa shukrani. Kwenu pia Viola yupo na Ventura yupo: yule dada anayetunza risiti, yule kijana mwenye gari la kubebea spika. Jina lake liandikwe kwenye bango pamoja na la mwongozaji, na nauli yake irudishwe siku hiyohiyo, si kuambiwa "tutaangalia". Mambo ya fedha yazungumzwe mwanzo, tena kwa sauti. Mficha uchi hazai.

Kisha kuna wale ambao hawatakuwamo ukumbini. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tusemavyo, na hapo ndipo mikutano ya wasanii inapopotea njia: mmekaa Quezon City mnaandika mchezo kuhusu mvuvi wa kisiwa cha Samar, mvuvi mwenyewe yuko baharini. Wakubwa wenu walilijua hili. PETA, kundi la maigizo lililoanzishwa na Cecile Guidote mwaka 1967, lilikuwa likiigiza kwenye magofu ya Fort Santiago mjini Manila, ngome ileile alimofungwa Rizal kabla ya kuuawa. Sheria ya kijeshi ilipokuja, Guidote akakimbilia ng'ambo. Kundi halikufa, kwa sababu lilijifunza kutembea. Watu wake walikwenda mikoani kuendesha warsha, wakawafundisha wenyeji kutunga na kuigiza mambo yao wenyewe, halafu wakaondoka na vikundi vikabaki. Habari hizo zilipotufikia huku, tuliona wivu. Vijijini kwetu nimeona mara nyingi lori la wasanii likiondoka na ngoma zake, watoto wakilikimbilia kwenye vumbi, na kijiji kikabaki kusubiri lirudi.

Mfano wa karibu zaidi mnao wenyewe. Aprili 2021, Manila ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, mwanamke kijana, mbunifu wa samani, aliweka mkokoteni mdogo wa mianzi kando ya barabara ya Maginhawa, Quezon City. Juu yake palikuwa na mchele, mboga, vyakula vya kopo, na bango la boksi lenye maneno machache: toa kadiri ya uwezo wako, chukua kadiri ya mahitaji yako. Basi. Wakulima wa mkoa wa Tarlac wakaleta viazi vitamu. Siku chache baadaye meza za namna hiyo zilikuwa zimezagaa nchi nzima, na aliyeiga hakuomba ruhusa kwa mtu. Mimi naiita kazi ya sanaa, wahakiki watanisamehe. Umbo lake lilikuwa jepesi kiasi kwamba jirani aliweza kulichukua akaenda nalo mtaani kwake akalifanya lake.

Lakini angalieni kilichofuata. Wiki haikuisha watu wa serikali wakaanza kumsingizia yule mwanamke ukomunisti, askari wakapita wakihoji waandaaji, akalazimika kufunga kwa siku moja kwa kuhofia usalama. Chakula kilikuwa cha wote, hatari ikawa ya mmoja. Hapa ndipo penye ugumu, na wanaojivuna kwamba kazi yao haina mwenyewe hawapendi kupaangalia. Sifa mnaweza kugawana. Hati ya mashtaka huandikwa jina la mtu. Nchi yenu ina sheria ya kupambana na ugaidi tangu 2020, na kupakwa rangi nyekundu, yaani kuitwa mkomunisti, si mzaha. Basi kubalianeni nani uso wake utaonekana na nani hapana, labda ana mtoto mchanga, labda mama yake ni mtumishi wa serikali. Namba ya wakili iwe kwenye simu ya kila mmoja. Na msimsukume mbele aliye mdogo kuliko wote kwa kuwa tu ana sauti nzuri.

Wafadhili nawapitia haraka. Watakuja na hundi na nembo kubwa. Kile kituo kikubwa cha utamaduni cha Manila kilisimamishwa mwaka 1969 kwa juhudi za Imelda Marcos, mke wa Rais Marcos, na wasanii wengi wazuri wamepanda jukwaa lake. Jukwaa chukueni mkipewa. Muswada msimkabidhi mfadhili aukate.

Haya yaandikeni kwenye karatasi moja siku ya kwanza, kabla ya chakula cha mchana, mkiwa bado mnapendana: fedha zinatoka wapi na nani anazishika, majina yatapangwaje, nani hatapigwa picha, na nani ataachiwa kazi mkishafunga mizigo. Mkishindwa kukubaliana, bishaneni mpaka jioni. Kuchora mtaanza kesho yake.

Mzee wenu wa maigizo,
Bagamoyo