Mteja kukatwa hela mara mbili si haraka zake

Mhariri,

Niliandika programu za malipo kabla ya kufungua kibanda cha uwakala wa pesa za simu hapa Buguruni, kwa hiyo sikubaliani na wanaosema wateja hukatwa mara mbili kwa "haraka zao". Mwisho wa mwezi mfumo huelemewa: ombi hufika kwenye seva (kompyuta ya kampuni), hela hukatwa, lakini jibu hupotea njiani. Simu haijui kilichotokea. Mteja afanye nini, kama si kubonyeza tena?

Dawa ipo, tena ya zamani. Simu ipatie kila ombi namba yake kabla ya kulituma. Likirudiwa, seva iitambue namba ileile na kurudisha jibu la kwanza bila kukata tena.

Wapo wanaovumilia kitu kujirudia. Amazon, wenye duka la mtandaoni, walipoeleza mwaka 2007 mfumo wao wa kuhifadhi data uitwao Dynamo, walikiri kuwa bidhaa ambayo mnunuzi ameifuta kwenye kikapu chake cha mtandaoni huweza kujitokeza tena. Waliona heri hivyo kuliko kumkatalia mnunuzi anapoongeza bidhaa kikapuni. Kwa kikapu, sawa. Kwa nauli ya mama anayerudi Kisarawe (na anayenigombeza mimi, si seva), hapana.

Kampuni zituambie wazi mifumo yao hufanya lipi: hutambua ombi lililorudiwa, au hukata tena.

Wakala, Buguruni
Dar es Salaam